Ukoma Usiokuwa Ukoma

Anayetoka Chake Chake kwenda Mkoani hupita Mtambile. Akipita wakati wa mavuno, harufu ya karafuu humfikia kabla hajaona majamvi yaliyotandikwa juani. Kazi za kusini mwa Pemba ni kazi za viganja na nyayo. Mchumaji hupanda mkarafuu miguu mitupu, mkono mmoja umeshika tawi, wa pili unachuma. Jioni akina mama hukaa kuchambua makonyo, na msimu ukiisha hurudi kwenye ukili, kwenye mbuzi ya kukunia nazi, au kwenye mwani unaolimwa ndani ya maji ya chumvi. Pemba yenyewe ilipata nafasi yake katika biashara ya dunia kwa sababu ya mikono hiyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, kikaiacha ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka huku.

Basi ugonjwa unaochagua viganja na nyayo, kisha ukaingia kwenye viungo, hauji Mtambile kama unavyokuja kwa karani wa ofisini. Tunaomba msomaji avumilie tuueleze kwanza jinsi ulivyo, kwa maana habari yote inayofuata imejengwa juu ya namna unavyoonekana kwa macho.

Ngozi ya kiganja hunenepa na kuwa nyekundu, halafu hupasuka na kutoa magamba meupe yanayopukutika. Nyayo nazo hupasuka hivyo hivyo hadi mtu akatembea kwa kingo za miguu. Kwa wengine huchomoza vipele vidogo vya usaha, vinakauka na kuacha madoa ya rangi ya kahawia, na kabla havijaisha vingine vimekwisha kutoka. Kucha huwa na vitundu vidogo kana kwamba zimedungwa kwa ncha ya sindano, au huinuka kutoka kwenye nyama. Kisha, mara nyingi baada ya miaka kadhaa, kidole kimoja huvimba chote kuanzia shinani mpaka nchani, kama ndizi. Kisigino huuma. Asubuhi ngumi haifungiki mpaka jua liwe juu. Hospitali huuita ugonjwa huu soriasisi, na ule wa viungo ni baridi yabisi ya soriasisi. Ule wa vipele vya usaha viganjani na nyayoni madaktari wengi huuhesabu kuwa ndugu wa karibu, nao hupenda sana kuwashika wavuta sigara. Hakuna hata mmoja kati ya hayo unaoambukiza. Hautokani na uchafu wala na kugusana. Ni kinga ya mwili yenyewe inayopigana na nyumba yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 100 duniani wana soriasisi, na takriban mmoja kati ya watano wao, pengine zaidi, huishia kuumwa na viungo pia.

Lakini mtu mwenye mikono ya namna hiyo akifika kisimani, jina la kwanza linalonong'onwa ni ukoma.

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya ngozi. Tunayo upele, choa, mba, mbalanga, buba, ukoma, na jedhamu iliyotoka kwenye Kiarabu. Kwa viungo tunayo jongo, na tunayo baridi yabisi, jina ambalo wengi hulitamka bila kufikiri kwamba ni maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya ubaridi na ukavu. Ndani yake imehifadhiwa elimu nzima ya tiba ya kale, ya Wayunani, kisha ya Ibn Sina, iliyofundisha kwamba mwili una joto na baridi, unyevu na ukavu, na kwamba maradhi ni mizani iliyopotoka. Elimu hiyo ilisafiri na majahazi ikatua pwani yetu, na mpaka leo mzee wa Pemba atakuambia chakula fulani ni cha baridi na kingine ni cha moto.

Katika majina yote hayo hakuna hata moja linalounganisha ngozi na viungo. Ngozi ina majina yake, viungo vina yake. Mgonjwa akapeleka viganja kwa mganga mmoja na magoti kwa mwingine, na kila mmoja akatibu nusu yake. Tusidhani ni upungufu wa Kiswahili peke yake. Ulaya ilichukua karne nyingi kuziona nusu hizo mbili kuwa kitu kimoja, na tutafika huko.

Kwanza tufungue Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14. Biblia ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo makanisa mengi ya Tanzania na Kenya huisoma, imeandika humo neno ukoma. Neno la Kiebrania lililo nyuma yake ni tsaraath. Ukisoma sura hizo kwa utulivu, kama mtu asomavyo barua ya mirathi, utaona mambo ambayo hayalingani na ukoma wa hospitali. Tsaraath inaweza kushika vazi la sufu au la kitani. Inaweza kushika ukuta wa nyumba, ukatoa madoa ya kijani au mekundu, na kuhani akaamuru mawe yang'olewe. Inaweza kubadilika ndani ya siku 7, ndiyo maana kuhani alimfungia mtu siku 7 na kumtazama tena, na ikibidi akamwongezea 7 nyingine. Ukoma tunaoujua leo hutambaa kwa miaka. Wiki moja si kitu kwake. Tena kuna sheria ya ajabu kwamba mtu akienea weupe mwili mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, kuhani atamtangaza kuwa safi. Wala hakuna katika sura zote mbili neno lolote juu ya ganzi, yaani kupoteza hisia, ambayo ndiyo alama kubwa ya ukoma.

Miriamu katika Hesabu 12 na Gehazi katika Wafalme wa Pili 5 wanafananishwa na theluji. Weupe na kupukutika ni sura ya ngozi ya magamba kuliko ya ukoma. Na Naamani, kwa upande wake, aliendelea kuwa jemadari, akakaa na mkewe na watumishi wake, akasafiri na msafara. Hatusemi kwamba watu hao walikuwa na soriasisi. Hakuna awezaye kumpima mtu kupitia kitabu. Tunasema tu kwamba tsaraath ni kapu, na ndani ya kapu hilo yaliwekwa maradhi mengi ya ngozi, pamoja na ukungu wa nguo na wa kuta.

Namna kapu hilo lilivyogeuka kuwa jina la ugonjwa mmoja ni kisa cha wafasiri. Wayahudi wa Alexandria walipoyatia Maandiko katika Kiyunani, karne ya 3 na ya 2 kabla ya Kristo, walichagua neno lepra. Kwa matabibu wa Kiyunani wa zama hizo lepra lilikuwa jina la ngozi yenye magamba, kutoka neno la kubambua, na wanahistoria wengi wa tiba huona kwamba soriasisi ilikuwa mojawapo ya maradhi yaliyoitwa hivyo. Ukoma wenyewe Wayunani walikuja kuuita kwa jina la tembo. Waarabu walitofautisha vizuri: judham ni huu ukoma, baras ni weupe wa ngozi. Kisha, karne ya 11 na ya 12, vitabu vya matabibu wa Kiarabu vilipofasiriwa kwa Kilatini huko Italia na kwingineko, judham ikaandikwa lepra. Kuanzia hapo jina moja likabeba viumbe viwili, na sheria ya Walawi ya kukaa nje ya kambi ikaangukia kichwani pa mtu mwenye ugonjwa ambao huenda Musa hakuwahi kuuona.

Mfano mzuri uko karibu nasi hapa Pemba. Tunaishi na majirani Waislamu ambao watoto wao husoma Kiarabu chuoni kabla hawajaanza darasa la kwanza. Kwao pia Nabii Isa alimponya mwenye ugonjwa wa ngozi, na neno la Qur'ani hapo ni abras, mtu wa baras. Wakristo wa Kiarabu nao, katika Biblia ya Eli Smith na Cornelius Van Dyck iliyokamilika Beirut mwaka 1865, wameandika baras katika Walawi na katika Injili. Kwa hiyo jirani yetu wa Mtambile anayejua Kiarabu anaposikia habari ya mtu aliyetakaswa, huona mbele yake mtu mwenye ngozi nyeupe yenye mabaka. Sisi tunaoisikia kwa Kiswahili huona vidole vilivyokatika. Tukio ni lile lile, picha ni mbili, na ile yetu ndiyo ya kutisha zaidi.

Mifupa nayo imetoa ushahidi. Mwaka 2000 huko Akeldama, nje ya kuta za Yerusalemu, lilifunguliwa kaburi la mtu wa karne ya 1 aliyezikwa na sanda, na uchunguzi ukaonyesha alikuwa na ukoma na kifua kikuu. Kwa hiyo wakati wa Bwana wetu ukoma wa kweli ulikuwapo Yerusalemu, tusilifute hilo. Lakini katika jangwa la Yudea, kati ya Yerusalemu na Yeriko, kulikuwa na monasteri ya Martyrius ya karne ya 5, na katika mifupa iliyozikwa huko Joseph Zias na Piers Mitchell walikuta alama za baridi yabisi ya soriasisi. Waliandika habari hiyo mwaka 1996. Yaani mtu mwenye vidole vilivyoharibika namna hii aliishi au alipokewa kati ya watawa, akazikwa pamoja nao. Hatuna jina lake. Pengine walimwita mkoma, pengine walimwita ndugu. Kwetu sisi kaburi hilo lina thamani kuliko hotuba nyingi, kwa maana linaonyesha kwamba ugonjwa huu umekuwa ndani ya kanisa muda wote.

Baadaye sana Mtaguso wa Tatu wa Laterani, mwaka 1179, uliagiza wakoma waliokaa pamoja wapewe kanisa lao, padri wao na makaburi yao. Agizo hilo lina pande mbili. Lilikemea ubahili wa mapadri waliokataa kuwahudumia, na papo hapo likathibitisha kwamba mahali pao ni pembeni. Waandishi wengine wa siku hizi hupenda kusema kwamba nusu ya waliofungiwa huko walikuwa na soriasisi tu. Tunaona wamekwenda mbali mno. Vilhelm Møller-Christensen, daktari wa Denmark, alifukua makaburi ya nyumba ya wakoma ya Næstved, akakuta kwamba wengi mno wa waliozikwa humo walikuwa na ukoma mifupani. Waliowapima walijua kazi yao kuliko tunavyowapa sifa. Ila hata wakikosea kwa mmoja tu, mmoja huyo alitengwa na watoto wake maisha yake yote kwa jina lisilo lake.

Robert Willan, daktari wa London, alichapisha mwaka 1808 kitabu kilichopanga maradhi ya ngozi kwa sura zake. Alieleza soriasisi kwa usahihi wa kushangaza, lakini umbo lake la kawaida kabisa bado akaliita lepra. Mwaka 1841 huko Vienna, Ferdinand Hebra ndiye aliyekata kamba na kusema hili ni hili na lile ni lile. Kisha mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norwei, akaiona bakteria ya ukoma, na ukoma ukapata mwenyewe.

Viungo vilichukua muda zaidi. Jean-Louis Alibert wa Paris aligusia mwaka 1818 kwamba baadhi ya wenye magamba huumwa na viungo. Pierre Bazin akalipa jambo hilo jina mwaka 1860. Lakini kwa karibu miaka 100 madaktari wengi waliendelea kusema mtu huyo ana magonjwa mawili yaliyokutana kwa bahati. Aliyewabadilisha mawazo alikuwa Verna Wright wa Leeds, Uingereza. Kuanzia miaka ya 1950 aliwakusanya wagonjwa wenye vyote viwili, akawatazama vidole, kucha na mgongo, akaonyesha kwamba ni ugonjwa mmoja wenye tabia zake. Mwaka 1973, pamoja na J. M. H. Moll, aliugawa katika sura 5 ambazo wanafunzi wa udaktari wanajifunza hadi leo. Wasomaji wa kitabu hiki watapenda kujua kwamba Wright alikuwa pia mhubiri, mmoja wa viongozi wa kundi lililokwenda kuhubiri Injili kwa watoto na vijana kwenye fukwe za Uingereza wakati wa likizo. Hakuyatenganisha mambo hayo mawili.

Mojawapo ya sura zake 5 ndiyo inayotuhusu zaidi. Ni ile adimu ambayo mifupa ya vidole huliwa mpaka vidole vinafupika na ngozi kujikunja juu yake. Ukiuona mkono huo bila kujua, utaapa ni ukoma. Tofauti iko kwenye maumivu. Mkono wa mkoma huharibika kwa sababu hausikii. Paul Brand, daktari mmisionari aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, alithibitisha kwamba vidole vya wakoma haviozi vyenyewe: huungua na kujeruhiwa bila mwenyewe kusikia, kwa vile neva zimekufa. Mkono wa soriasisi unasikia kila kitu. Unauma usiku, unauma kwenye maji ya chumvi, unauma kwenye kamba. Ngozi iliyojeruhiwa pia huita ugonjwa uje hapo hapo, jambo lililoonwa na Heinrich Köbner katika karne ya 19, na kwa hiyo kiganja kinachoshika jembe na gome la mkarafuu kila siku huwa na mwaliko wa kudumu.

Sasa turudi visiwani. Wakati wa himaya ya Uingereza wakoma wa Zanzibar waliwekwa mbali na watu: kwa Unguja Walezo, ambako masista wa Kikatoliki waliwahudumia pamoja na maskini wengine, na kwa Pemba kisiwa kidogo cha Funzi upande wa Wete. Dawa ya zama zile ilikuwa mafuta ya chaulmugra, yaliyouma kuliko kuponya. Kisiwa ndani ya kisiwa. Mpemba aliyesikia mtu amepelekwa Funzi alijua maana yake, na ndiyo sababu watu walificha mikono. Hofu hiyo ilirithiwa kama shamba linavyorithiwa, hata na wasioijua Funzi iko wapi.

Tena palikuwa na buba, ambayo iliwachanganya watu zaidi kuliko ukoma. Buba ilianza kwa vidonda utotoni, kisha ikashuka nyayoni na viganjani, ikakaza ngozi na kuipasua hadi mtu akatembea kama kaa. Nayo iliumiza mifupa na kuvimbisha vidole. Ukiisoma sura hiyo pembeni mwa ile tuliyoieleza mwanzo, utaona jinsi mtu wa kawaida asivyoweza kuzitenga. Lakini buba ililetwa na kimelea, ambacho Aldo Castellani alikitambua mwaka 1905 huko Ceylon, na kimelea kinauawa. Katika miaka ya 1920 sindano za bismathi zilileta mistari mirefu ya watu kwenye zahanati za Afrika Mashariki, na wengi waliamini dawa za kizungu kuanzia siku ile vidonda vilipokauka. Baadaye penisilini ilimaliza kazi hiyo kwa sindano moja. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yaliendesha kampeni katika nchi 46, watu zaidi ya milioni 50 wakatibiwa, na buba ikapungua kwa kiasi cha asilimia 95.

Ushindi huo uliacha jambo ambalo halizungumzwi. Watu walijifunza kwamba nyayo zilizopasuka hupona kwa sindano. Aliyedungwa mara 1, mara 2, mara 5, na nyayo zake zikabaki vile vile, alionekana ana kitu kibaya zaidi: amerogwa, au ni mkoma kweli.

Kisha ikaja miaka ya 1980 na 1990 pamoja na ukimwi, na virusi hivyo vikaichochea soriasisi kwa ukali usiojulikana zamani. Huko Lusaka, Zambia, P. Njobvu na P. McGill waliandika mwaka 2000 kuhusu wagonjwa 28 wa baridi yabisi ya soriasisi. 27 kati yao walikuwa na virusi vya ukimwi. Habari hizo ziliwasaidia madaktari kujua wapime nini. Mitaani ziliongeza mzigo, kwa sababu magamba yakawa ushahidi wa mwenendo wa mtu, na yule aliyekuwa nayo tangu utoto, asiye na virusi vyovyote, akahesabiwa na wengine.

Tulimjua mama mmoja, mtu mzima, wa upande huo wa Mtambile. Hatutamtaja. Mikono yake ilianza baada ya mtoto wa tatu, na miguu ikafuata. Aliacha ukili, kisha akaacha kuchambua karafuu kwa jirani, kwa sababu jirani alianza kumwekea jamvi lake peke yake. Katika sehemu moja ya matibabu alipewa dawa za ukoma kwa kutazamwa tu, naye akazimeza kwa utii, na hakuna kilichobadilika ila watu kumwona akizichukua. Vidole viwili vilipovimba aliambiwa hiyo ni baridi, afunge kitambaa cha moto.

Siku aliyopata jibu, kipimo kilikuwa unyuzi wa pamba. Kijana wa udaktari alimsalimu, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kijana akamwambia afumbe macho, na kila akiguswa aoneshe wapi. Akaonesha pale, na pale, na pale, hata palipoguswa kidogo sana juu ya gamba. "Unasikia kila mahali, bibi," akasema kijana. "Nasikia sana," akajibu yule mama, "ndiyo shida yangu."

Kipimo hicho hakigharimu kitu. Kinaweza kufanywa kwenye kituo cha afya chochote, na anayekosa kuhisi anapaswa kupelekwa mbele haraka, kwa kuwa ukoma haujaisha nchini mwetu na dawa zake, zinazochanganywa tangu mwanzo wa miaka ya 1980, zinatolewa bure na zinaponya. Anayehisi kila mahali, mwenye magamba na kucha zenye vitundu na kidole kilichovimba, naye aelekezwe kwa anayejua ngozi. Tanzania imebahatika kuwa na kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi cha KCMC, Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimewafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wao wakirudi kufanya kazi mbali na miji mikubwa.

Dawa za soriasisi hazing'oi mzizi, lazima tuseme wazi. Zipo za kupaka: asidi ya salisili ya kulainisha gamba, lami ya makaa, marhamu za steroidi. Kwa viungo na kwa viganja vilivyoshindikana ipo methotrekseti, kidonge kinachomezwa mara 1 kwa wiki, si kila siku. Anayekosea akameza kila siku anaweza kufa. Damu lazima ipimwe, ini liangaliwe, na mwanamke anayetarajia mtoto asiiguse kabisa. Vidonge vya steroidi vinavyouzwa kirahisi dukani hufurahisha kwa wiki mbili, na vikiachwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa vipele vya usaha mwili mzima. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio juu ya soriasisi, likisema bayana kwamba haiambukizi na kwamba wagonjwa wanaumizwa na kutengwa kama wanavyoumizwa na ugonjwa. Ni maneno ya Geneva, na Geneva ni mbali na kisima cha Mtambile.

Ndiyo maana tunarudi tena kwa kuhani wa Walawi. Hakupewa dawa yoyote ya kumpa mgonjwa. Sura ya 13 inamfanya mtazamaji, na sura ya 14, ambayo haihubiriwi sana, inamfanya mwenye kumrudisha mtu. Anatoka yeye mwenyewe nje ya kambi kumwendea. Anatia damu, kisha mafuta, kwenye ncha ya sikio la kulia, kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia na kidole gumba cha mguu wa kulia. Mkono na mguu, mahali pale pale palipokuwa pakitazamwa na watu. Baada ya hapo mtu anaingia kambini, na kijiji kizima kimeona nani amemgusa na wapi. Bwana alipomtakasa yule mtu katika Marko 1, alimgusa kwanza, kisha akamtuma aende akajioneshe kwa kuhani. Bila kuhani angekuwa mzima wa ngozi na bado mtu wa nje.

Yule mama alirudi na kidonge chake cha wiki na karatasi yake ya kipimo cha damu, lakini hapakuwa na mtu wa kutangaza kisimani. Katekista wetu na mkewe walikwenda kwake siku ya Jumamosi, mchana, wakati majirani wako barazani. Walikuwa wamebeba samaki. Mama alipakua wali kwenye sinia, akataka kujitengea sahani yake kama alivyozoea. Mke wa katekista akaiondoa ile sahani, akamwambia, "Dada, njoo huku," na wote watatu wakanawa, wakala sinia moja, mlango ukiwa wazi.